Kompyuta ya Kugusa, Ikae Kwanza Mapajani

Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, wenzangu kumi wa promosyo yetu wanacheza likelemba. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa dola 25, na yule ambaye zamu yake imefika anapokea dola 250 za kununua kompyuta. Si kompyuta yoyote. Wamekubaliana wote wanunue aina moja: ndogo, nyepesi, ya bei ya chini, yenye kioo cha kugusa, ambayo mfanyabiashara mmoja wa mjini ameahidi kuwaletea kutoka Dubai. Wanaiita «ya safari», kwa kuwa ndivyo tangazo linavyosema, na kwa kuwa sisi wa lugha za Kiafrika hatuwezi kumaliza masomo bila kusafiri. Ni lazima twende kwa wasemaji, tuwarekodi, tuandike, kisha turudi na kitu ambacho direkta wa memwari atakubali kukisoma. (Sitasema mengi juu ya hesabu ya likelemba yenyewe, ila yule wa kumi atapokea kompyuta yake ya safari akiwa amekwisha kurudi safari.)

Waliniomba maoni kwa sababu mimi ninayo tayari. Niliinunua mwaka jana kwa dola 230. Si chapa ile ile wanayoitaka wao, lakini ni ndugu yake wa tumbo moja: kioo cha inchi 10, kilo moja pamoja na kibodi, memori ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64. Kioo ndicho kompyuta yenyewe. Kibodi inashikana nacho kwa sumaku, na nyuma kuna mguu mwembamba unaokunjuliwa ili kisimame. Ukiiona mezani dukani utaipenda, mimi niliipenda. Fedha zilikuwa za kaka yangu na za mama mdogo, nao walizitoa kwa neno langu kwamba mashini hii itamaliza memwari.

Nimeitumia siku kumi na moja kijijini na miezi mingi hapa mjini. Jibu langu kwa wenzangu ni kwamba wasiinunue. Najua jibu fupi namna hiyo haliwatoshi watu wenye fedha mkononi, basi nieleze.

Nianze na neno, kwa sababu sisi ni watu wa maneno. Hapa kwetu wengi wanasema «ordinatere» na kusonga mbele. Wenzetu wa Tanzania wanasema kompyuta mpakato, na kila mara neno hilo lilinichekesha kidogo, kama maneno mengi yanayotoka kwenye kamati. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Nilifikiri ni urembo tu, mpaka nilipokaa uani kwa Kambo, katika kijiji kimoja cha njia ya Bunkeya, nikitaka kuandika vitenzi vya Kisanga. Hapakuwa na meza. Nilikuwa nimekalia kiti kifupi, magoti yakielekea kifuani, na Kambo amekaa mkekani mbele yangu. (Kwa wale wanaosoma kamusi za pwani: kambo wa Katanga si mama wa kambo, ni bibi mwenyewe.) Nikaweka mashini mapajani. Ule mguu wa nyuma ukatafuta mahali pa kusimama, haukupata. Ukateleza katikati ya mapaja, kioo kikaanguka chali, kibodi ikabaki mkononi mwangu. Nikairudisha. Nikabana magoti. Nikaandika maneno matatu, ikaanguka tena. Siku ya pili nikaomba ndoo, nikaipindua, nikaweka mashini juu yake, nikawa ninaandika nimeinama kama mtu anayefua.

Ndipo nilipolielewa neno la Watanzania. Kompyuta isiyopakatika si mpakato, hata ikiwa nyepesi kuliko daftari. Na jambo hili halimo katika karatasi ya sifa za mashini yoyote. Wanaandika uzito, wanaandika upana, hawaandiki kama inakaa juu ya magoti ya mtu asiye na meza. Zile zenye bawaba ya kawaida, ambazo kioo chake kinafunguka kama kitabu na uzito uko chini kwenye kibodi, zinakaa. Zile za mguu wa nyuma zinataka meza. Kijijini, meza moja iliyokuwepo ilikuwa ya mwalimu wa shule.

Sasa jua. Vioo vingi vya kugusa vinang'aa kama kioo cha kujitazamia, na mashini za bei ya chini hazina mwanga wa kushindana na mchana. Chini ya mwembe, saa nne asubuhi, nilipotazama mstari wa toni katika Praat niliona uso wangu, na nyuma ya uso wangu majani ya mwembe. Nikaongeza mwanga hadi mwisho. Betri ambayo boksi lake liliahidi saa kumi ikanipa saa nne na nusu.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo kwangu linapita yote: umeme utaingia kwa tundu gani? Katika kijiji kile kuna kijana mwenye paneli mbili za jua na kibanda. Anachaji simu kwa ffranka 500. Nilipomletea mashini yangu na chaja yake ya plagi ya ukutani, akaiunga kwenye konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Konvertisa ikalia, ikazima, na simu sita za watu zikazima pamoja nayo. Aliniomba kwa adabu nisirudi nayo kabla ya saa nane mchana, jua likiwa limeijaza betri yake. Hakuwa na kosa. Mashini yangu ina tundu la duara la chaja yake peke yake, na haikubali umeme kutoka mahali pengine.

Leo kuna njia nyingine. Kompyuta inayochaji kwa tundu la USB-C inaweza kula umeme wa pawabanki, mradi pawabanki yenyewe iwe ya aina inayotoa volti za kutosha kwa kompyuta, si zile 5 za simu tu. Pawabanki ya 20,000, zile mAh zinazoandikwa mgongoni, ina karibu wati-saa 74. Kompyuta ndogo kama hizi mara nyingi ina betri ya wati-saa 30 na kitu. Ukitoa kinachopotea njiani, pawabanki hiyo inaijaza mara moja na nusu au zaidi kidogo. Na iko chini ya wati-saa 100, kikomo ambacho mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu katika mzigo wa mkononi bila kuomba ruhusa. Kijana wa kibanda angeichaji pawabanki pamoja na simu zake, usiku mimi ningeichaji kompyuta. Lakini wenzangu waangalie: kuwa na tundu la USB-C si kuchaji kwa USB-C. Kuna mashini zenye tundu hilo kwa ajili ya faili tu. Hakuna njia ya kujua kwa kutazama picha ya tangazo. Chukua chaja yenye nguvu ya USB-C, ichomeke, uone kama alama ya chaji inawaka. Mfanyabiashara akikataa jaribio hilo, amekwisha jibu.

Sitaki kuonekana kama mtu anayesema kwamba watengenezaji wote hawakuwaza. Mwaka 2013 ASUS ilitoa Transformer Book T100, ya inchi 10.1, kioo cha kugusa kinachotoka kwenye kibodi, nayo ilichaji kwa tundu lile lile dogo la simu za wakati huo. Wazo hilo lilikuwa sawa kabisa kwa mtu wa kijijini. Lenovo Chromebook Duet ya mwaka 2020 inachaji kwa USB-C, na pamoja na kibodi na kifuniko chake haifiki kilo moja. Microsoft Surface Go ya mwaka 2018 ni nyepesi vilevile, ila kibodi yake iliuzwa peke yake, jambo ambalo mtu wa dola 250 lazima alijue kabla hajafurahia bei. Hizi ni mashini nzuri kwa kazi fulani. Swali ni kama kazi hiyo ni yetu.

Kazi yetu ni ipi? Tunafungua Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam kutazama toni. Tunafungua ELAN, ile ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, kunukuu mazungumzo mstari kwa mstari. Wengine wanatumia FLEx ya SIL kwa kamusi. Zote ni bure, na huo ndio utajiri wetu. Praat ni nyepesi, itakwenda karibu popote. ELAN inataka kioo kipana: juu picha au video, chini mawimbi ya sauti, chini zaidi mistari ya unukuzi. Katika inchi 10 mistari inabanana, na kidole changu, ambacho si kinene, kinafunika sekunde nzima ya usemi. Kioo cha kugusa hakisaidii hapo hata kidogo, unatafuta panya. Kuhusu Chromebook, inaweza kuendesha programu za Linux, lakini ile Duet ina chipu ya aina ya Arm, na programu nyingi za Linux zimetengenezewa chipu za Intel na AMD. Ukifika kijijini ndipo ugundue hivyo, umekwenda na tableti ya kutazamia filamu.

Kuna mtego mwingine mdogo. Mashini nyingi za bei hii zinakuja na Windows ya hali ya S, ambayo inakataa programu yoyote isiyotoka katika duka la Microsoft. Kutoka katika hali hiyo ni bure, lakini kunahitaji intaneti, na ukitoka hurudi. Fanyeni hivyo mjini. Mimi nilikuta onyo hilo Likasi, stendi, nikisubiri gari, na megabaiti zangu ziliisha hapo.

Na ukubwa wa mashini ndani? Windows 11 inataka angalau gigabaiti 4 za memori na 64 za hifadhi. Maana yake mashini ya 4 na 64 imesimama kizingitini: imeruhusiwa kuingia, haikupewa kiti. Nilipoiwasha yangu mara ya kwanza, zilibaki gigabaiti 31 huru. Baada ya masasisho na programu, 17. Hesabu ya sauti ni rahisi: kurekodi kwa kiloherzi 48, biti 24, masikio mawili, saa moja inakula karibu gigabaiti moja nzima. Nilirudi na saa tisa za sauti. Zilienea, kwa shida, kwa sababu sikurekodi video. Hifadhi ya aina hii imechomelewa kwenye bodi. Huwezi kuitoa na kuweka kubwa zaidi, wala memori. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho.

Nije kwenye herufi, maana hapo nimesikia wenzangu wakibishana kinyume. Wawili katika likelemba wanasita kwa sababu mashini za Dubai zina kibodi ya Kiingereza yenye herufi za Kiarabu pembeni, nao wamezoea AZERTY ya Kifaransa. Jamani, kwa kazi yetu AZERTY ya Kifaransa ni mbaya zaidi! Inakupa é, è, à na ç kwa sababu Kifaransa kinazihitaji. Jaribu kuandika toni ya juu juu ya a, i, o au u katika Windows yenye mpangilio wa kawaida wa Ufaransa: hakuna kitufe. Mwenzetu anayefanya Lingala analijua jambo hili kwa machungu. Moto ni mtu, motó ni kichwa, móto ni moto unaowaka. AZERTY ile inamwandikia mtu tu, kichwa na moto inamwachia Mungu. Mpangilio unaoitwa US International unakupa á, í, ó, ú, na toni ya chini, na ya kushuka, kwa vitufe viwili. AZERTY ya Wabelgiji nayo inaziweza. Na mtu anayehitaji ɛ na ɔ aweke Keyman, programu ya bure ya SIL ya kutengeneza mipangilio ya kibodi. Maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe si kitu. Mpangilio unabadilishwa ndani. Kwa hiyo mashini ya Dubai kwa upande huu haina kosa, nami naitetea.

Tena hapo kioo cha kugusa kinastahili sifa yake. Kibodi ya kwenye kioo, ukibonyeza a bila kuachia, inakufungulia á, à, â na nyingine, chagua. Kwa orodha ya maneno mia mbili ni njia polepole lakini haikosei. Na kuna siku moja nzuri ambayo sitaifuta. Nilikuwa nimechukua picha za kile kitabu kisicho na maneno cha Mercer Mayer, cha mwaka 1969, cha mtoto, mbwa na chura aliyepotea, ambacho wanaisimu duniani kote wanakitumia kupata hadithi kutoka kwa wasemaji. Nilimwonyesha Kambo kwenye kioo. Akanyosha kidole kumwonyesha chura, kioo kikadhani anataka ukurasa unaofuata, chura akatoweka. Kambo akashtuka, akagusa tena, ukurasa mwingine ukaja. Wajukuu wakacheka. Basi akashika mashini mwenyewe, akaitoa kibodi na kunirudishia kama mtu anayerudisha sahani, akaanza kusimulia akigeuza kurasa kwa wakati wake, akirudi nyuma anapotaka, akimkemea yule mbwa. Simulizi lile ndilo bora zaidi katika data zangu. Nisingelipata kwa kompyuta ya kawaida.

Kwa simulizi moja, je, ninunue mashini? Picha zile zile zingeonekana katika simu ya mtu yeyote, au katika karatasi zilizochapwa mjini, ambazo hazizimi.

Sasa niseme kilichotokea siku ya tisa, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Asubuhi ile mimi na Kambo tulinukuu dakika sita za simulizi. Dakika sita ni kazi kubwa. Ninamchezea kipande kifupi, anakirudia polepole, ninaandika, ninamsomea, ananisahihisha toni, anacheka matamshi yangu, tunakwenda kipande kinachofuata. Kuna mahali ambapo vitenzi viwili katika kinasa sauti vilisikika sawa kabisa kwangu, naye akanifafanulia, akatoa sentensi nyingine ambazo hazikuwamo katika simulizi ili nisikie tofauti. Nikaziandika hapo hapo katika maelezo ya pembeni. ELAN ilikuwa wazi, Praat wazi, kamusi yangu ya Word wazi. Gigabaiti 4 zikajaa. Mashini ikaganda. Nikangoja. Betri ilikuwa na asilimia 11, na mashini iliyoganda inakula kama inayofanya kazi. Kambo aliitazama, akaniambia kwa Kiswahili cha huku kwetu: «Mwana, kintu yako inalala mbele ya miye.» Kweli, ililala kabla yake. Sikuwa nimehifadhi tangu asubuhi, wala sikuwa nimewasha hifadhi ya kujiendesha ya ELAN. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Mchana Kambo alikwenda shambani, kesho yake ilikuwa msiba wa jirani, na siku ya kumi na moja gari langu likaondoka. Sauti ya simulizi ninayo, ilikuwa katika kinasa sauti. Maelezo yake, zile sentensi alizozitoa ili nisikie tofauti, sikuzirekodi, niliamini ninaziandika. Katika memwari yangu, sura ya tatu, kuna mifano saba yenye alama ya kuuliza juu ya toni. Direkta ameniuliza kwa nini. Nimemwambia nitarudi kijijini. Na nauli ya kurudi ni karibu nusu ya bei ya ile mashini ya bei nafuu.

Mwenzangu anayefanya Kilamba ananipinga, na hoja zake si dhaifu. Anasema mashini ndogo inajificha katika mkoba chini ya kitenge, na msichana anayepanda gari alfajiri akiwa peke yake haoni vibaya mzigo usioonekana. Anasema vilevile kwamba kosa ni langu: mashini yoyote ingeganda mkononi mwa mtu asiyehifadhi. Kwa la pili namkubalia nusu. Mwenye gigabaiti 8 naye husahau kuhifadhi, ila mashini yake haimwadhibu upesi hivyo. Kwa la kwanza sina jibu zuri, isipokuwa uzito. Kompyuta za kazi zilizokwisha kutumika ofisini, kama Lenovo ThinkPad X270 ya mwaka 2017, zina inchi 12.5 na kilo 1.3 hivi. Tofauti na yangu haifiki chupa ya maji ya nusu lita. Ina bawaba, inakaa mapajani. Inachaji kwa USB-C. Memori yake inabadilishwa kwa bisibisi. Ina betri mbili, na ile ya nyuma unaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kuizima. Hapa mjini nimeziona zikiuzwa kati ya dola 180 na 240, kufuatana na hali ya betri.

Ina ubaya wake, nao niuseme kabla muuzaji hajauficha. Chipu zake ni za zamani kuliko zile ambazo Microsoft inazikubali rasmi kwa Windows 11, na Windows 10 imekwisha kupata masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo njia ya kweli ni kuiwekea Linux. Praat na ELAN zinakwenda vizuri katika Linux, na Keyman pia ipo. Itabidi tujifunze. Tumejifunza kusoma spektrogramu, Linux haitatuua.

Lakini hata hivyo sidhani kwamba jambo la kwanza la kununua kwa likelemba ni kompyuta kumi. Watu kumi hawaendi uwanjani wiki moja. Miezi miwili ya kwanza, yaani dola 500, ingetosha vinasa sauti viwili vizuri vinavyotumia betri za kawaida za dukani, pawabanki moja ya nguvu na paneli ndogo ya jua ya kukunja, vyote vikiwa mali ya kundi, anayekwenda anavichukua na kuvirudisha. Kinasa sauti hakigandi. Kompyuta zifuate, za mitumba, zilizojaribiwa moja moja. Najua mali ya kundi ina matata yake. Kila mtu hapa ana hadithi ya kitu cha kundi kilichorudi bila mfuniko. Bado ni afadhali kuliko kumi wenye tundu la duara.

Kwa maprofesa na maasistenti wetu, kwa heshima, nina ombi moja. Katika somo la mbinu za utafiti tunafundishwa kuchagua msemaji, kuomba idhini, kutayarisha dodoso. Mashini inaachwa kama jambo la mfuko wa mwanafunzi. Saa mbili tu za mazoezi, mwanafunzi anukuu dakika moja ya sauti nje, juani, bila meza na bila umeme wa ukutani, zingetuonyesha mengi kabla fedha za familia hazijaondoka.

Kundi la likelemba linakutana Jumamosi hii saa tisa, nyuma ya maktaba. Nitaileta yangu ikiwa imejaa chaji, na mwenzangu mwingine ataleta ThinkPad yake. Hakuna meza pale nyuma, kuna ngazi tu za saruji. Kila mmoja azipakate zote mbili, dakika kumi kumi, aandike moto, motó na móto, halafu ndipo tuzungumze bei.